Mashuka ya Mama Mkwe

Mara ya kwanza nilipofua mashuka ya mama mkwe wangu nilifua saa saba ya mchana, katikati ya ua wetu wa Makorora, mjini Tanga, tunaoutumia familia nne, na muda ule niliuchagua mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi moja baada ya Pasaka. Mvua ya masika ilikuwa imepumzika tangu asubuhi, na kila mtu alikuwa uani: huyu anachambua mchicha, yule anamsuka mtoto nywele, vijana wamekaa barazani na simu zao. Nikatoa beseni kubwa, nikamimina maji ndoo mbili, nikachukua sabuni ya kipande, nikakunja suruali mpaka magotini, nikaanza. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ninayeheshimiana naye sana, akanyanyuka akaja kunitazama kwa karibu, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Shemeji, hilo limbwata umelishwa kwenye chai au kwenye mchuzi?" Ua mzima ukacheka. Nami nikacheka nao, na moyoni nikajiona mtu aliyejitwika msalaba.

Yaliyotangulia siku ile na yaliyofuata ndiyo yaliyonifundisha jambo ambalo nilikuwa nimelisikia kanisani tangu utoto bila kulielewa, na ndiyo maana nayaandika.

Mama mkwe wangu alikuwa Mbondei wa Muheza, amelelewa katika imani ambayo wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliileta Magila katika karne ya 19, na sala zake zote alizijua kwa moyo. Alikuwa na shamba dogo la michungwa alilolipalilia mwenyewe hata baada ya kuwa mjane. Kiharusi kilimpata akiwa shambani, kikachukua upande wake wote wa kulia na nusu ya maneno yake. Mke wangu ndiye binti yake mkubwa, kwa hiyo hapakuwa na mjadala mrefu juu ya nani atamuuguza. Nilisema mbele ya shemeji zangu wote kwamba mama ni mama, aje kwetu, nyumba ni yake. Walinishukuru sana. Nami siku ile ile, bila kalamu wala karatasi, nilifungua daftari.

Kazi yangu ni kutunza hesabu katika duka la vipuri huko Ngamiani, kwenye zile barabara zetu zinazotajwa kwa namba. Kwa miaka mingi nimeishi na daftari la madeni mkononi: upande huu kilichotoka, upande ule kilichorudi, chini tofauti yake. Ni kazi ya halali na ninaipenda. Lakini nilikuwa nimeichukua nikaingia nayo ndani ya ndoa yangu. Sebule iliyogeuzwa kuwa chumba cha mgonjwa, niliiandika. Bajaji ya kwenda kliniki na kurudi, niliiandika. Nepi za watu wazima, ambazo bei yake huwezi kuijua mpaka uzinunue, niliziandika pakiti kwa pakiti. Mke wangu alikuwa akichoma vitumbua alfajiri na kuviuza, akalazimika kuacha kwa sababu mama hakuweza kukaa peke yake. Hata hilo niliandika kuwa hasara yangu, kana kwamba jiko lililozimika lilikuwa la kwangu na mikono iliyokuwa ikilikoleza haikupoteza kitu.

Kwaresima ikatukuta hivyo. Usiku mmoja nilirudi nimechoka nikakuta chakula hakijaiva. Mke wangu alikuwa amembadilishia mama mashuka mara tatu tangu mchana, na hakuna lililokauka kwa sababu ya mvua. Nikasema neno moja, akajibu neno moja, nikafungua daftari lote. Nilisoma kuanzia mwanzo: sebule, bajaji, nepi, vitumbua, shukrani ambayo sikuipata. Nilikuwa na tarehe za baadhi ya mambo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua, "Kumbe yote hayo ulikuwa unaandika?" Akaondoka kwenda kumgeuza mama yake, kwa kuwa daktari alikuwa amesema ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala upande mmoja.

Nilibaki mezani na swali lile. Mtu aliyesoma Agano Jipya hata kidogo anajua linakotoka, ingawa sidhani kama mke wangu alikusudia. Paulo, katika sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anasema upendo "hautafuti mambo yake, hauoni uchungu, hauhesabu mabaya." Nilikuwa nimeisikia aya hiyo katika harusi nyingi, ikisomwa kwa sauti ya sherehe huku watu wakipanga mavazi yao vizuri. Sikuwahi kutambua kwamba kitenzi chake ni cha watu wa kazi yangu. Neno la Kigiriki alilolitumia Paulo pale ni lile lile lililotumika kwa mtu anayepiga hesabu na kuandika katika kitabu chake nani anadaiwa nini. Analitumia tena kwa Warumi, sura ya 4, anaposema Ibrahimu alimwamini Mungu "ikahesabiwa kwake kuwa haki", na tena katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 5, anaposema kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake, "asiwahesabie makosa yao." Nikaziweka aya hizo tatu pamoja usiku ule, nikaona nimekaa upande gani. Kuna daftari ambalo jina langu limo, na deni langu limefutwa na aliyekuwa na haki ya kulidai. Mimi niliyefutiwa ndiye niliyekuwa nimekaa sebuleni kwangu nikimsomea mke wangu bei ya nepi za mama yake.

Wiki mbili baadaye ilikuwa Alhamisi Kuu. Katika kanisa letu padri huvua kanzu yake ya juu, hujifunga kitambaa, na kuwaosha miguu wazee kumi na wawili, na kabla ya hapo husomwa sura ya 13 ya Injili ya Yohana. Biblia yetu ya Kiswahili cha Muungano, iliyotoka mwaka 1952, inasema Yesu alitia maji katika bakuli "akaanza kuwatawadha wanafunzi miguu." Kutawadha. Watu wa pwani neno hili tunaishi nalo. Nyumba yetu inatazamana na msikiti, na mara tano kwa siku nawaona majirani zangu kwenye mabomba wakitawadha: mikono, uso, miguu, kila mtu kwa utulivu na kila mtu mwenyewe. Ndipo nikaona kitu ambacho kwa miaka yote nilikipita tu. Mtu mzima mwenye afya hujitawadha. Anayetawadhwa na mwingine ni mgonjwa, ni aliyeishiwa nguvu, ni mtu ambaye mikono yake haimfikii tena. Kwa hiyo Petro aliposema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe," nadhani hakuwa akimwonea Bwana wake heshima tu; alikuwa akikataa kuhesabiwa miongoni mwa wasiojiweza. Na Yesu akamjibu kwamba, "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami."

Nilitoka kanisani nimeamua. Nitafua mashuka ya mama. Sikumwambia mke wangu, nilitaka aone.

Hivyo ndivyo tunavyofika kwenye ile Jumamosi, beseni katikati ya ua, na kicheko cha limbwata. Nilianika mashuka manne kwenye kamba ya mbele, yakapigwa na upepo mbele ya watu wote. Nilipoingia ndani nilitegemea uso wa mke wangu uwe umefunguka. Nilimkuta amekaa kando ya kitanda na bakuli la uji mkononi, na mama ameugeukia ukuta kwa ule upande wake mmoja uliobaki na nguvu, macho ameyafumba, machozi yanashuka mpaka kwenye mto. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirishani. Hakula jioni ile, wala asubuhi iliyofuata.

Usiku, watoto walipolala, mke wangu aliniambia maneno machache ambayo nitakwenda nayo kaburini. "Umemfulia, au umejifulia?"

Wasomaji wangu wa pwani hawahitaji kuelezwa, ila nitaeleza kwa ajili ya aibu yangu. Mkwe na mkwe kwetu wana mpaka. Mimi sikuwahi hata kukaa kwenye mkeka mmoja na mama yule alipokuwa mzima. Alikuwa akinipokea kwa kanga mbili, macho chini, na mimi vivyo hivyo. Na sasa uchafu wa mwili wake, ambao hakuwa na uwezo wa kuuzuia, ulikuwa umeshikwa na mikono ya mkwewe, mchana kweupe, mbele ya nyumba nne. Nilikuwa nimeuvua utu wake nikauanika kamba ya mbele ili mimi nionekane mwema. Bwana alikwisha kuonya, "Angalieni msifanye wema wenu machoni pa watu, kusudi mtazamwe na wao," na mimi nilikuwa nimefanya hasa hilo, tena wiki moja tu baada ya kulia mbele ya msalaba Ijumaa Kuu.

Tangu usiku ule nimekuwa nikikitazama sana kile kisilabi kidogo cha lugha yetu, "ji". Mtu hujisifu, hujiona, hujitakia, hujifulia. Lakini Paulo anapowaambia waume wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda Kanisa, anasema Kristo "akajitoa kwa ajili yake," na Bwana mwenyewe katika Injili ya Luka anasema anayetaka kumfuata "ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake kila siku." Kisilabi ni kile kile. Katika kujifulia, kitendo kinatoka kwangu na kurudi kwangu, na mke au mama mkwe ni kamba tu ya kuanikia. Katika kujitoa, mimi ndiye kitu kinachotolewa, na kikishatolewa hakirudi kuulizia faida yake. Nilikuwa nimefunga daftari moja na kufungua jingine, la wema wangu, na lile la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilifanana na utakatifu.

Nani basi anaweza kujigeuza? Hapa nitarudi kwa jirani yangu na limbwata lake, maana alisema kweli kuliko alivyodhani. Nyuma ya mzaha ule kuna imani ya zamani kwamba mwanamume hawezi, kwa akili yake timamu, kuinama upande wa mkewe. Akiinama, basi kuna kitu amelishwa. Mimi sikubali kwamba ni dawa. Lakini kwamba mtu hajigeuzi, hilo nakubali. Waraka kwa Warumi, sura ya 12, hausemi "jigeuzeni." Unasema "mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu." Ni kutendwa. Kitenzi cha Kigiriki hapo ni kile ambacho Mathayo anakitumia kwa Yesu kule mlimani, alipogeuka sura mbele ya wanafunzi wake watatu. Tofauti na limbwata ni hii, kwamba limbwata, kwa wanaoliamini, humwondolea mtu nia yake akabaki kama mfuko mtupu, ilhali Roho wa Mungu humrudishia mtu nia yake ikiwa mpya, akaanza kutaka mwenyewe kile ambacho jana alikifanya kwa kutazamwa. Na jambo hilo halifanyiki usiku mmoja. Nilitamani sana liwe la usiku mmoja.

Asubuhi ya Jumatatu nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kugusa beseni. Nilimuuliza mke wangu, "Nikusaidie vipi?" Alikaa kimya muda mrefu, nadhani akipima kama hilo nalo litaandikwa. Kisha akanieleza. Mashuka atayatoa yeye mwenyewe, ameyafunga ndani ya kanga kuukuu, atayaacha nje ya mlango wa jikoni. Nifue saa kumi alfajiri, kabla majirani hawajaamka. Nianike nyuma, upande wa chooni, chini ya bati. Chumbani kwa mama nisiingie bila hodi na bila yeye kuwepo. Na nisimwambie mama neno lolote, si la pole wala la samahani.

Nikafanya hivyo. Masika ilikuwa imerudi kwa nguvu, kwa hiyo mashuka hayakauki kwa upepo. Nilikuwa nikiyakamua mpaka mikono inauma, nayaning'iniza chini ya bati, na usiku nayamalizia kwa pasi ya mkaa. Kuna harufu inayotoka wakati pasi ya moto inapopita juu ya pamba yenye unyevu, harufu ya sabuni na majivu pamoja, ambayo hadi leo nikiisikia mahali popote nasimama. Mama alijua. Sisi sote tulijua kwamba anajua. Lakini hakuna aliyesema, na katika kutosema huko alianza tena kula. Waraka wa Kwanza wa Petro unasema "upendano husitiri wingi wa dhambi," na mtafsiri yule aliyechagua neno kusitiri alitupa watu wa pwani hazina, kwa sababu stara tunaijua. Mtu hasitiriwi kwa kufichwa kwa hila. Husitiriwa na anayesimama kati yake na macho ya watu. Upendo wa mume kwa mkewe una sehemu kubwa ya kazi hiyo, nami katika ndoa yangu ya miaka kumi na minne nilikuwa sijawahi kuifanya hata siku moja.

Nataka kusema neno juu ya sura ya 5 ya Waraka kwa Waefeso, kwa sababu sisi waume tunaijua kwa nusu. Aya za 22 hadi 24 zinasema na wake, na hizo tumezihifadhi. Kuanzia 25 hadi 33 maneno karibu yote yanatuelekea sisi, na juu yake yote imetangulia aya ya 21, inayotuambia wote tunyenyekeane katika kicho cha Kristo. Nimeona binti akifundwa kwa saa nyingi jinsi ya kuvumilia, na bwana harusi akipewa mkono wa pongezi tu. Hilo si haki, wala Maandiko hayalisemi. Na kama kuna mwanamke anayesoma hapa, ambaye anapigwa au anadhalilishwa nyumbani, na ameambiwa kwamba kukaa kimya ndiko kujitoa, nasema kwa moyo wangu wote kwamba hakuambiwa kweli. Kristo alijitoa mwenyewe kwa hiari yake. Hakuna aliyeruhusiwa kumtoa mwenzake sadaka kwa hasira zake. Tafuta msaada, ondoka mahali pa hatari, na usiogope kwamba umemkosea Mungu.

Mama alikaa nasi masika ile, na kipupwe, na vuli, mpaka kaskazi ilipoanza kuvuma. Katika muda huo mke wangu alipata saa mbili za usingizi wa alfajiri ambazo hakuwa nazo, kisha, dada yake alipoanza kuja mara tatu kwa wiki, akarudia vitumbua vyake. Sisemi kwamba tuliacha kukwaruzana. Daftari lina tabia ya kujifungua lenyewe; ada ya shule ilipofika mwezi wa saba nilijikuta nimekwisha andika kurasa mbili kabla sijatambua, na nikaenda kumwambia mke wangu kabla sijamsomea, naye akanishika mkono tukasali. Siku nyingine sikwenda kumwambia.

Siku chache kabla ya kufariki, mama aliniita. Mke wangu alikuwepo, nilipiga hodi, nikaingia. Maneno yake yalikuwa yamebaki machache sana na yalitoka kwa shida, mengine kwa Kibondei. Aliunyanyua mkono wa kushoto, ule wa uzima, akaupeleka kwenye shuka lililomfunika, akalikunjua pindo lake kwa vidole viwili, akalipapasa polepole palipopigwa pasi. Akasema, "Mwanangu." Sikujibu, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kutosema. Nilibaki nimeinamisha kichwa mpaka alipolala.

Tulimzika Muheza, karibu na michungwa yake. Tuliporudi Tanga baada ya matanga, usiku wa kwanza niliamka saa kumi kama kawaida, nikashika ndoo, nikatoka uani. Nje ya mlango wa jikoni hapakuwa na kanga wala shuka. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na beseni lililofudikizwa, amejitanda, sijui tangu saa ngapi. "Rudi ulale, baba," akaniambia. Nikaweka ndoo chini, nikakaa sakafuni kando yake, mgongo ukutani, na hatukusema kitu mpaka taa za msikitini zilipowashwa na mabomba yakaanza kutiririka.